Malindi hadi Watamu kwa Baiskeli, Mume na Mke



Barabara itokayo Malindi kwenda Gede twaijua sote, lakini wengi wetu twaijua kwa dirisha la matatu. Abiria hupanda, hulipa nauli, husinzia kidogo, na akizinduka huambiwa amefika. Minazi hupita kama mstari mmoja wa kijani, na vijiji huwa ni majina ya steji tu. Aipitaye barabara hiyo hiyo kwa baiskeli huiona kwa namna nyingine. Huujua kila mwinuko mdogo ambao gari haliuhisi. Hujua ni wapi kivuli cha mkanju huifikia lami na wapi hakifiki. Na akipita mwezi wa Agosti, hujua maana ya neno Kusi kwa mapaja yake.

Ni mwezi huo wa Agosti, skuli zikiwa zimefungwa, tulipoipita barabara hiyo, mume na mke, tukiwa ndani ya kundi la watu mia kadhaa. Safari hiyo iliandaliwa na vijana wa mji pamoja na wazee wachache, nayo haikuwa mashindano. Hapakuwa na kikombe wala mshindi. Makusudio yalikuwa watu wa nyumba moja watoke pamoja, watumie miili aliyowapa Mwenyezi Mungu, wafike Watamu, wasali, wale, warudi. Jumla ya njia ni kiasi cha kilomita 24. Kijana mwenye nguvu huzimaliza kabla chai haijapoa. Kwa watu wa umri wetu, zilitosha kutupa mazoezi ya miezi mitatu.

Yafaa tueleze kilichotutoa nyumbani. Mama Watoto alipimwa, akaambiwa sukari imeanza kupanda, na daktari akamwandikia mambo mawili: kupunguza wanga na kuushughulisha mwili kila siku. La kwanza lilikuwa gumu, kwani nyumba ya Mswahili bila wali na mahamri ni nyumba iliyo msibani. La pili lilikuwa gumu zaidi. Kutembea peke yake barabarani alfajiri hakumpendezi. Kwenda kwenye majumba ya mazoezi hakuwezi. Na watoto wameoa na kuolewa, nyumba imenyamaza. Tulikuwa tumefikia hali wanayoifahamu wengi wa rika letu: watu wawili wanaopendana wanaozungumza habari za gesi, maji na bili ya stima, kisha kila mmoja akashika simu yake. Vijana walipotangaza safari yao msikitini baada ya Ijumaa, yeye ndiye aliyesema, "Maalim, na sisi twende."

Habari hiyo ilifika barazani kabla yetu. Mzee mmoja mwenye elimu, na mwenye haki juu yetu, alituita kando, akasema kwa upole, "Sheikh, mlango huu mkiufungua nyinyi, atapita nao kila mtu." Neno hilo si jepesi, na hatukulipuuza. Mtu anayesomesha watoto wa watu hutazamwa anapokwenda, na mkewe hutazamwa zaidi. Hofu ya mzee ilikuwa ni sitara, na sitara ni katika dini. Tulimjibu, "Mzee wangu, tutapita sisi kwanza, tukione kizingiti chake."

Tukarudi vitabuni. Bibi Aisha (R.A.) amesimulia, na Abu Dawud ameipokea habari hiyo, kuwa alipokuwa safarini na Mtume wetu (S.A.W.) walishindana mbio kwa miguu, naye akamshinda, kisha baadaye, mwili wake ulipoongezeka, wakashindana tena, na mara hiyo Mtume akamshinda yeye, akamwambia kuwa ushindi huo ni malipo ya ule wa kwanza. Wapo wanaokumbusha, nao wanasema kweli, kuwa katika baadhi ya riwaya Mtume aliwaamuru watu watangulie kwanza. Basi hadithi hiyo yatufunza mambo mawili kwa pamoja: kwamba mume kucheza na mkewe si kujivunjia heshima, na kwamba mchezo huo una adabu yake. Tulishika yote mawili. Tukawaomba waandalizi wakina mama wawe na kundi lao nyuma, na mwenye mumewe aende naye; wakakubali bila ubishi. Ilidhihirika kuwa familia kadhaa zilikuwa zikingojea mtu wa kuliomba.

Kisha yakaja mambo ya fundi. Mwanamke wa pwani ameijua baiskeli tangu zamani, lakini ameijua akiwa juu ya keria, amekaa upande, mkono mmoja umeshika tandiko la anayeendesha na mwingine umeshika buibui. Hivyo ndivyo Mama Watoto alivyobebwa tulipokuwa vijana, kutoka kwao hadi kwetu, na mzigo wa nazi ukining'inia kando. Kushika usukani mwenyewe ni elimu nyingine. Tulipata baiskeli ya kike, ile isiyokuwa na mtaimbo wa juu, ili nguo isipande. Fundi akaukata mkebe wa bati, akautengenezea mnyororo kifuniko kizima, nguo isinaswe, na nyuma akaweka wavu juu ya spoki. Abaya ikachaguliwa isiyo pana chini, na suruali ndani yake. Mtandio ukafungwa mfupi na kubanwa kwa pini, na helmeti juu yake. Tukajifunza kwenye kiwanja cha mchanga baada ya swala ya Alfajiri, siku tano kwa wiki. Mchanga ni mwalimu mwema, kwani hukuangusha polepole.

Siku ilipofika tulikusanyika ufukweni Malindi, karibu na ule Msikiti wa Juma wenye makaburi ya mnara kando yake. Ni mahali pazuri pa kuanzia safari, kwani mji huu umezoea wasafiri. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimpelekea mfalme wa Uchina twiga, na mnyama huyo akafika akiwa hai baada ya kuvuka bahari yote hiyo. Mwaka 1498 Vasco da Gama alipata hapa mwanamaji wa kumwongoza hadi India. Sisi twaenda Watamu tu, kwa magurudumu mawili, na bado mioyo ilikuwa ikidunda. Dua ikasomwa. Saa kumi na mbili na nusu jua likiwa limechomoza juu ya maji, kengele mia kadhaa zikalia pamoja, na mji ulioamka kwa adhana ukaamka mara ya pili.

Kulikuwa na baiskeli za kila aina. Zilikuwapo zile nyepesi za mashindano, ambazo kijana huibeba kwa kidole. Zilikuwapo baiskeli za watoto zenye riboni. Na zilikuwapo zile kubwa nyeusi za chuma, waziitazo Black Mamba, ambazo siku nyingine hubeba mitungi ya maji, magunia ya makaa na mikate. Mwenye duka la mikate alikuja na sanduku lake la mbao kwenye keria, na mtoto wake mdogo amekaa ndani. Vijana wenye fulana za manjano walitangulia kwenye njia panda kuzuia magari, wakisaidiwa na waendeshaji wa bodaboda; na katika hilo pana haki fulani, kwa sababu bodaboda yenyewe ilizaliwa kwenye baiskeli, huko mpakani mwa Kenya na Uganda, kabla ya pikipiki kuirithi kazi na jina. Nyuma ya wote ilikuja lori ya maji, iliyokuwa pia ya kuwabeba watakaoshindwa.

Tulipoupita uwanja wa ndege na nyumba zikaanza kupungua, Kusi ikatupokea. Msomaji anayeishi ufukweni anajua kuwa upepo huu huvuma tangu Aprili hadi Septemba, na kwamba wazee wetu waliutumia kurudisha majahazi Arabuni na Bara Hindi. Lakini jahazi hulipa mgongo. Sisi tulikuwa twaupa uso, kwani Watamu iko kusini mwa Malindi. Ukitokea kushoto mbele, ulijaza nguo kama tanga na kuturudisha hatua moja kwa kila hatua tatu. Hapo tukaona faida ya kundi. Anayekwenda nyuma ya mwenzake hupata upenyo usio na upepo, na kazi yake hupungua sana. Ndege warukao kwa mistari wanalijua jambo hili. Basi tukatangulia sisi wa kiume kuukata upepo, na Mama Watoto akafuata nyuma ya gurudumu letu, umbali wa mkono.

Barabara ikawa ndefu na yenye mambo. Akina mama wa Kigiriama walikuwa wamekwisha tandika biashara zao kando ya lami: madafu, mihogo, mahamri kwa mbaazi za nazi. Watoto walitoka mbio na kushangilia kila baiskeli, lakini walipoona kanzu iliyofungwa kiunoni na ndevu zenye mvi walinyamaza kidogo, kisha mmoja akapaza sauti, "Shikamoo, Sheikh! Kanyaga!" Tukamwitikia marahaba, tukakanyaga. Matatu zilipita kwa adabu zaidi kuliko siku nyingine, na malori yalipopita, sote tulishika kingo na kuvuta uradi.

Baada ya Msabaha gurudumu la nyuma la Mama Watoto likalegea. Mwiba mrefu kama sindano ya kushonea magunia ulikuwa umepenya tairi hadi kwenye tyubu. Kundi likatupita. Kwa muda wa dakika kumi hivi tukabaki sisi wawili na upepo, baiskeli imepinduliwa, miguu juu. Akatokea kijana wa Kigiriama kutoka chini ya mwarobaini uliokuwa karibu, ambako ndiko penye karakana yake: beseni la maji, pampu, vipande vya mpira na gundi. Aliitumbukiza tyubu majini, akatazama mapovu yanapotokea, akaikwangua, akaibandika kiraka, na katika muda huo wote alitaka kujua jambo moja tu: mama huyu anatoka wapi na anakwenda wapi. Alipoambiwa, alikataa nusu ya malipo. Alisema, "Mama yangu akisikia nimemtoza mama yake mtu aliyetoka Malindi kwa miguu yake, sitakula leo."

Lori ikafika. Dereva akashuka, akafungua mlango wa nyuma bila kuulizwa, akaweka ngazi. Ilikuwa ni wema, na nusu ya njia ilikuwa imekwisha. Tulimtazama Mama Watoto. Jasho lilikuwa limelowesha mtandio, na uso wake ulikuwa umeiva kwa jua. Tulikuwa tayari kupanda, na hatukuona aibu yoyote katika kupanda. Daktari alisema mwili ushughulishwe, hakusema uadhibiwe. Yeye alikunywa maji, akala tende mbili alizozitia mfukoni kwa ajili ya sukari isije ikashuka ghafla, akakaa chini ya mwarobaini hadi pumzi ikatulia. Kisha akamwambia dereva, "Mwanangu, Mungu akubariki. Tufuate polepole." Akapanda baiskeli. Tangu hapo lori ikawa nyuma yetu kama msafara wa harusi.

Gede tuliwakuta wenzetu wamekwisha pumzika. Mahali hapo ni haki ya kila mtu wa pwani kupaona, na si kupaacha kwa watalii. Ndani ya msitu, kima wakirukaruka juu ya kuta, umelala mji wa Waislamu wa kale wenye Msikiti Mkuu, jumba la mtawala, nyumba za mawe, visima na vyoo vilivyojengwa kwa ustadi. Kaburi moja lina tarehe iliyochongwa, mwaka 802 wa Hijra, ambao ni 1399 wa Miladia. Mwaka 1927 paliwekwa chini ya ulinzi kama mahali pa kihistoria. Kuanzia 1948 James Kirkman alipachimba kwa miaka kama kumi, akatoa vyombo vya kauri vya Uchina na shanga za mbali. Na Julai 2024 UNESCO ikapaandika katika Urithi wa Dunia. Nje yake kuna Kipepeo, mradi ulioanzishwa 1993, ambao wanavijiji wanaopakana na msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga viluwiluwi vya vipepeo na kuviuza, wakapata riziki bila kukata miti.

Tuliingia wachache, tukasimama karibu na birika la msikiti ambako watu walikuwa wakitawadha. Mtu aliyekwisha kuendesha baiskeli kwa saa mbili hulitazama birika kwa jicho tofauti. Waliolichimba walikuwa na miguu yenye vumbi kama yetu, na wake zao, na wazee wa barazani pia. Mji wao ulihamwa kufikia karne ya 17, na wataalamu wametaja sababu kadhaa: maji kupungua, vita, uhamaji. Mama Watoto aligusa ukuta, akasema, "Waliishi wote wawili wawili, na hakuna ajuaye majina yao." Hatukuongeza neno. Tukawasomea Fatiha, tukatoka.

Kutoka Gede njia hugeuka kuelekea baharini, na kilomita zilizobaki hazifiki kumi. Lakini ndizo zilizokuwa ngumu, kwa sababu Kusi sasa ilitupiga usoni hasa. Tuliukata upepo kadiri ya uwezo hadi magoti yakaanza kulalamika. Ndipo tukasikia kengele nyuma. Mama Watoto akatupita kwa upande wa kulia, polepole sana, akasema bila kugeuka, "Maalim, njoo nyuma yangu upumzike." Tukaingia nyuma ya gurudumu lake. Ni kweli: upepo ulipungua. Alikuwa mtu mwenye sukari, amekwisha kutengenezewa pancha, hajawahi kuongoza baiskeli nje ya kiwanja cha mchanga kabla ya miezi mitatu. Naye alikuwa akimkinga mumewe. Twaandika haya kwa sababu katika darsa za ndoa twasema sana kuwa mke ni vazi la mume na mume ni vazi la mke, na mara nyingi tunaosikiliza hulifahamu vazi la mume peke yake.

Tulibadilishana hivyo hadi bahari ikaonekana. Watamu, ambayo wenyewe hupenda kusema jina lake limetokana na watu watamu, ilitupokea kwa makofi tukiwa wa mwisho kabisa. Maji yake, yaliyotengwa kuwa hifadhi ya bahari tangu 1968 pamoja na yale ya Malindi, yalikuwa na rangi ambayo kalamu yetu haiifikii. Adhuhuri ikasaliwa kwa jamaa, wakina mama kwenye safu zao. Kisha likaja sinia la wali wa nazi na samaki wa kupaka. Mama Watoto akala samaki wote na wali kidogo, akatwambia tusimtazame hivyo. Baiskeli zikapakiwa kwenye lori, nasi tukarudi kwa gari, tukiiona barabara ile ile dirishani, ila sasa kila mti ulikuwa na habari.

Sukari yake imepunguaje, hilo ni la daktari kulisema, naye amesema tuendelee. Tunachoweza kukisema sisi ni kuwa tunaendelea. Siku tano kwa wiki, baada ya Alfajiri, baiskeli mbili hutoka. Na mazungumzo yamerudi, labda kwa sababu watu walio ubavu kwa ubavu, macho yao njiani, huambiana mambo ambayo hawaambiani wakitazamana.

Mzee wetu wa barazani hakubadili rai yake, na hatukumtaka aibadili. Rai yake ina msingi. Lakini Ijumaa iliyofuata aliuliza hali ya Mama Watoto, akaambiwa ni njema. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza yule fundi aliyetengeneza kifuniko cha mnyororo yuko mtaa gani. Tukamwelekeza. Hatukuuliza anamtafutia nani.

Kwa wanaofikiria kufanya kama hivi, twausia machache. Mwenye maradhi aanze kwa daktari wake, na abebe tende na maji. Fundi aangalie breki na tairi siku mbili kabla, na nguo ifungwe mbali na mnyororo. Helmeti haipunguzi heshima ya kilemba. Jifunzeni pahali pa faragha kabla ya kuingia barabarani, na msiende mbele ya malori bila watu wa kuwaongoza. Ratibuni safari ili swala isiwapite. Na katika mwendo, msimwache aliye nyuma, kwani kesho huenda akawa ndiye anayewakatia upepo.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azipe afya nyumba zetu, azijaze mapenzi na huruma, na atujaalie sote mwisho mwema. Wabillahi tawfiq.